Alizeti kwenye luseni (udongo wa kichanga): kuzuia mapepe wakati wa joto

Mkulima wa Misungwi, Magu au Kwimba akivuna vichwa vipana vya alizeti vilivyojaa mapepe (mbegu tupu zisizo na kiini) katikati, hulaumu mbegu. Mara nyingi mbegu haina kosa. Maua ya kichwa kimoja hufunguka kwa pete kutoka pembeni kwenda katikati, kwa siku 5 hadi 10, na yale ya katikati ndiyo ya mwisho kupata maji na chakula. Udongo ukikauka siku hizo, na boroni, kirutubisho cha udongoni, ikiwa haba, hayashiki mbegu. Joto peke yake huharibu chavua likizidi nyuzi 34 hivi, na karibu na Ziwa Victoria mchana haufiki hapo mara kwa mara. Kinachoumiza zaidi ni jua la wiki mbili bila mvua juu ya mchanga wenye njaa.

Anza na tarehe. Aina za mbegu kama Record huchanua takriban siku 60 hadi 65 baada ya kuota. Ukipanda mwanzoni mwa Desemba, maua yanaangukia Februari, wakati vuli imekwisha na masika haijakolea. Ukipanda kati ya mwisho wa Januari na katikati ya Februari, mvua ya kulowesha udongo ikishanyesha, maua yanakuta Aprili na ukaushaji unakuta kiangazi kinaanza. Panda kwa sentimita 75 kwa 30, kisha punguza ubaki mche mmoja kila shimo: ni kama miche 18,000 kwa ekari. Ukibana zaidi ya hapo, miche inanyang'anyana maji.

Kwenye luseni, tandaza tani 3 hadi 4 za samadi iliyooza kwa ekari kabla ya kulima. Lima matuta, na kila baada ya mita 1.5 hadi 2 weka kizuizi cha udongo mferejini ili maji yazame badala ya kukimbia. Usifanye hivyo mbugani (udongo mweusi wa mfinyanzi) wala kwenye itogolo (udongo wenye tabaka gumu chini). Huko maji yatasimama na mizizi itaoza.

Mbolea ya kupandia ni DAP (ya fosforasi na naitrojeni), kilo 50 kwa ekari. Kifuniko kimoja cha soda kigawe mashimo mawili, fukia kwa udongo kidogo, ndipo uweke mbegu juu. Mbegu ikigusa DAP inaungua. Changanya pia kilo 25 za MOP, mbolea ya potasi, kwa ekari. Potasi ndiyo inayosaidia jani kufungua na kufunga vitundu vyake vya kupumulia, hivyo mmea wenye potasi ya kutosha hutumia maji kwa kiasi jua likiwa kali.

Mbolea ya kukuzia huwekwa siku ya 25 hadi 30, majani yakiwa 8 hadi 10. Weka SA (salfeti ya amonia) kilo 50 kwa ekari, sentimita 8 hadi 10 kutoka kwenye shina, na uifukie. SA ina salfa, na salfa huhitajika katika kutengeneza mafuta. Urea, mbolea nyingine ya naitrojeni, ikimwagwa juu ya mchanga wenye moto na unyevu, sehemu ya naitrojeni hupotea hewani kama gesi. Lakini SA huongeza uchachu wa udongo. Shamba lenye uchachu tayari lipewe CAN, mbolea ya naitrojeni yenye kalsiamu. Vyovyote vile, usizidishe naitrojeni. Majani yatapendeza, protini itapanda na asilimia ya mafuta kwenye mbegu itashuka.

Boroni ndiyo inayosahauliwa kuliko zote. Huingia kwenye mmea pamoja na maji, kwa hiyo ukame huikatiza hata kama imo udongoni, na mvua kubwa huichuja kwenye mchanga. Dalili za upungufu wake ni majani machanga magumu yenye rangi ya shaba, vichwa vilivyopinda, na shina kukatika chini kidogo ya kichwa. Ukisubiri dalili hizo umechelewa. Yeyusha gramu 30 za boraksi kwenye maji ya uvuguvugu, jaza bomba la lita 15, na unyunyize mara mbili: majani yakiwa 8 hadi 10, kisha petali za njano zinapoanza kujitokeza. Fanya hivyo kuanzia saa 11 jioni, nyuki wakishaondoka. Usiongeze kipimo, boroni nyingi ni sumu, na maharage ya msimu unaofuata yataungua majani.

Wakati wa maua usipulizie dawa ya wadudu. Bila nyuki mbegu hupungua hata shamba likiwa na mbolea zote.

Majani yakilegea saa 8 mchana na kusimama tena jioni, hakuna hatari. Yakiwa bado yamelegea alfajiri, mizizi haipati maji: funika udongo kwa mabua ya mpunga, na ukague mchwa kila wiki.

Usiku wenye joto wakati wa kujaza mbegu hubadilisha mafuta yenyewe: kati ya asidi kuu mbili za mafuta hayo, ya oleiki huongezeka na ya linoleiki hupungua. Hilo halidhuru mlaji. Kinachoharibu mafuta ni uzembe baada ya kuvuna. Kata vichwa mgongo wake ukigeuka njano iliyokolea hadi kahawia, vianike juu ya turubai, pura, kisha kausha mbegu hadi unyevu usizidi asilimia 9. Mbegu mbichi zikirundikwa kwenye magunia hujipasha moto, na mafuta yake huchacha kabla hayajafika kwenye mashine ya kukamulia.