Kaktasi ya Krismasi imegoma kutoa maua? Izimie taa

Mi hii kaktasi nimekaa nayo miaka mitatu hapa Arusha inanenepa tu, ua hata moja hamna. Nimebadilisha udongo, nimeweka mbolea mpaka ya kuku, nimeisema vibaya mbele za watu, wapi! Siku tukapata wageni nikaitoa sebuleni nikaitupia stoo, stoo yenyewe ina kidirisha kimoja cha mashariki na taa iliungua tangu mwaka juzi hakuna aliyeibadilisha. Mwezi wa saba naingia kuchota mkaa nakuta kwenye ncha za matawi kuna vidude vyekundu vidogo kama vichwa vya kiberiti. Kumbe ndo vitumba hivyo! Yaani ilichokuwa inataka siku zote ni giza.

Iko hivi, huu mmea unaitwa kaktasi lakini jangwa haulijui. Kwao ni Brazil, kwenye misitu ya milimani karibu na pwani upande wa kusini mashariki, unaota juu ya matawi ya miti, kwenye mboji ya majani yaliyooza, una kivuli na ukungu. Hauna miiba ya kuchoma, una pingili bapa zilizoungana kama mnyororo (watu wanaziita majani ila kitaalamu ni shina). Kwa hiyo wale wa "kaktasi usiimwagie maji" mtaiua, na wale wa kuianika juani saa saba mchana mtaiunguza, mkiona pingili zimegeuka rangi ya zambarau mjue jua limezidi.

Sasa maua. Inaweka vitumba ikipata usiku mrefu na kibaridi. Huku kwetu usiku ni kama masaa kumi na mbili mwaka mzima, haujatosha vizuri, halafu na huo kidogo tunauharibu kwa mataa, sebuleni taa na TV mpaka saa sita, ukizima bado taa ya ulinzi ya jirani inapiga dirishani. Mmea hapo unaona bado mchana. Dawa yake: tafuta boksi kubwa, mi natumia la TV, saa kumi na mbili jioni unaifunika, saa mbili asubuhi unaifunua, mchana ikae pale pale kwenye mwanga. Fanya hivyo wiki sita mpaka nane bila kuruka ruka siku, usichungulie na tochi, na kipindi hicho mbolea acha kabisa, maji punguza kidogo. Ukiona vitumba vimetoka, boksi limemaliza kazi.

Mi naanza mwanzoni mwa Juni kwa sababu baridi ya Arusha inanisaidia, usiku unashuka mpaka nyuzi 13 au 14, na yangu inachanua Agosti, Krismasi haiijui. Ukitaka ya Krismasi kweli anza kufunika mwisho wa Septemba. Njombe, Lushoto, Iringa, Nairobi, Limuru mnakula raha. Dar sasa… usiku ukiwa na nyuzi 25 vitumba vinagoma, kwa hiyo mama zangu wa Dar na Tanga msipoteze muda mwezi wa kumi na mbili, jaribuni Juni mpaka Agosti kukiwa na upepo upepo, na boksi msilegeze.

Vitumba vikishatoka usiihamishe hamishe wala kuigeuza geuza, utaamka asubuhi umekuta vyote chini. Na hii nilijifunza kwa uchungu: usiiweke karibu na ndizi zinazoiva. Matunda yakiiva yanatoa gesi inayoangusha vitumba, mi nilikuwa na mkungu mzima kwenye kona, ndani ya siku chache nikabaki na vitumba vinne.

Maji: chomeka kidole, juu pakikauka kama sentimita mbili mwagilia mpaka yatoke chini, halafu maji ya kwenye kisahani mwaga. Ikikaa kwenye maji mizizi inaoza, na ikioza pingili zinanywea utadhani ina kiu, unaongeza maji, unaimalizia kabisa. Udongo uwe mwepesi, mi nachanganya udongo wenye mboji sehemu mbili, mchanga mnene sehemu moja na makumbi ya nazi au mkaa uliopondwa sehemu moja, kopo lolote hata la rangi poa tu ila litoboe chini. Usikimbilie chombo kikubwa, inachanua vizuri mizizi ikibanana, badilisha kila miaka miwili au mitatu baada ya maua. Ukiona vijidudu vyeupe kama pamba kwenye maungio, futa na pamba yenye spiriti.

Mwenye watoto na paka asiogope, haina sumu. Ila angalia usiuziwe jamii ya mnyaa ukaambiwa kaktasi, ukiukata ukatoa maziwa meupe huo sio, na hayo maziwa yakiingia machoni utaipata.

Baada ya maua kunyauka iache ipumzike mwezi hivi, maji kidogo, halafu nyonga (usikate, nyonga kwa vidole) pingili moja au mbili kila ncha, itatoa matawi mawili pale ilipokuwa na moja. Hizo ulizonyonga usitupe. Kipande cha pingili mbili tatu kiache kivulini siku mbili kidonda kikauke, kisha kichomeke kwenye udongo wenye unyevu mdogo mpaka pingili ya chini izame nusu. Baada ya wiki tatu nne kivute kidogo kwa vidole, kikikaza ujue kimeshika mizizi. Yangu mwenyewe nililetewa na wifi pingili tatu tu, kazifunga kwenye gazeti kwenye mkoba wake, safari nzima toka Lushoto.