SOMO: Jinsi ya kutengeneza mwenyewe picha ya Nguzo za Uumbaji (minara ya gesi na vumbi angani) kwa data za darubini ya James Webb

Wakuu, kila wiki inbox naulizwa maswali yale yale, "nimefungua faili mbona nyeusi" na "zile rangi si wamepaka tu?" Naandika mara moja, someni mpaka mwisho ndo muulize.

1. Ingia MAST, ghala la mtandaoni la data za darubini za anga Hubble na Webb. Ni bure. Tafuta M16, yaani Nebula ya Tai, wingu lenye hizo nguzo.

2. Shusha faili za NIRCam (kamera ya infraredi ya Webb) zinazoishia i2d.fits, filta tatu: F090W, F200W, F444W. Namba ni urefu wa wimbi, yaani F444W ni karibu mikromita 4.4.

3. Zifungue kwa FITS Liberator, programu ya kusoma faili za FITS.

4. Kuvuta mwanga. Hapa ndo nilipoharibu. Faili ilikuja nyeusi tii, nikadhani imekufa, nikaishusha upya mara tatu, kumbe data zote zimo ila nyota kali zinazidi wingu mwanga kwa mbali mno, kwa hiyo kwenye skrini wingu lote linazama chini gizani. Chagua ArcSinh (hesabu inayoinua mwanga hafifu), wingu litaibuka. USIKATE giza (kupandisha kiwango cha nyeusi) mpaka anga liwe jeusi kabisa, mimi nilikata nikapoteza vumbi lote jepesi pembeni ya nguzo na halikurudi tena. Hifadhi TIFF ya biti 16, ya biti 8 itakupa michirizi.

5. Kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha: wimbi fupi buluu, la kati kijani, refu nyekundu. F444W ina pikseli kubwa karibu mara mbili ya zile nyingine, ikuze kwanza, halafu oanisha nyota kwa nyota.

MASWALI

Kimondo: Mkuu yangu nyeusi
Jibu: Hatua ya 4. Umeiruka.

Kimondo: Hamna app ya simu inafanya yote?
Jibu: Siijui. Hili somo ni la kutengeneza mwenyewe.

BintiZuhura: Samahani kaka, kwa hiyo rangi si za kweli?
Jibu: Swali zuri dada. Infraredi jicho halioni, kwa hiyo tunayahamisha mawimbi yote kwa mpangilio ule ule, kama kupandisha wimbo mzima ufunguo, noti hazibadilishani nafasi. Ile ya Hubble ya 1995 ni tofauti, pale oksijeni ni buluu, haidrojeni kijani, salfa nyekundu. Kwa jicho haidrojeni na salfa zote nyekundu, zingeachwa hivyo usingeona nani yuko wapi.

BintiZuhura: Nashukuru. Na vitundu vyeusi katikati ya nyota?
Jibu: Pikseli zimejaa mwanga kupita kiasi, zikaandikwa sifuri. Jazia kwa mkono, nyota tu, wingu usiliguse.

Mzee wa Lenzi: Nyongeza, faili zikikushinda kwa uzito anza na JunoCam, kamera ya chombo cha Juno kilichotumwa Jupiter, picha zake ghafi zimewekwa wazi makusudi watu wazichakate.
Jibu: Kweli mzee, na zile dhoruba za ncha ya kusini ukizifungua mwenyewe mara ya kwanza usiku huo hulali.