Jinsi ya kulinda makaburi ya wazee na magofu yaliyomo ndani ya eneo la mazoezi ya jeshi (Lindi na Mtwara)

Nimetoka kumsaidia mwenyekiti wa kijiji kimoja huku Lindi, makaburi ya wazee wao na mti wa matambiko vimo ndani ya eneo la mazoezi ya jeshi, kazi imekula miezi na sehemu kubwa ya hiyo miezi ilipotea kwa kosa moja la ramani. Hatua ya 4 isome mara mbili.

Kabla ya yote, msiende na hasira. Ndani ya mipaka ya jeshi mara nyingi magofu yamesalimika kuliko nje maana hakuna aliyepanda mikorosho wala kuchoma mkaa. Hata Uingereza pale Salisbury Plain, jeshi limeanza kununua ardhi 1897 na vilima vya makaburi ya kale vimepona jembe. Kinachoharibu ni mahandaki, magari mazito na udongo wa kujazia viroba. Babeli kule Iraq baada ya 2003 wanajeshi wa kigeni walijaza viroba udongo uliojaa vigae vya kale, na kigae kikishatoka kwenye tabaka lake hakirudi.

1. Kibali. Usiingie bila kibali hata kama babu yako kazikwa humo, kuna mabomu ambayo hayajalipuka. Barua ianzie kwa mkuu wa wilaya, ndiye mwenyekiti wa kamati ya ulinzi na usalama, nakala kwa afisa utamaduni. Picha usipige mpaka uambiwe.

2. Wazee. Nenda nyumbani kwao, shikamoo, kaa mkekani, sikiliza. Majina ya mahali andika kama wanavyoyatamka wao.

3. Sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inahesabu jengo au kaburi la kabla ya 1863 kuwa malikale. Sasa huku kwetu hapo ndipo penye shida, maana sehemu za Majimaji ya 1905 au kambi ya FRELIMO (wapigania uhuru wa Msumbiji) ya Nachingwea ni za baada ya huo mwaka, kwa hiyo hizo omba Waziri azitangaze. Ukiambiwa "hapa sio pa kale" usikubali kirahisi.

4. Kuingiza mahali kwenye ramani yao. Hapa ndipo tulipoumia. Nilizunguka na wazee wawili, nikachukua pointi kwa GPS, nikaandika namba vizuri, nikampa afisa, naye akazichora kwenye karatasi yake akaahidi eneo halitaguswa na kweli hawakuligusa, ila eneo walilolikwepa lilikuwa bonde tupu lenye minazi, malori yakaegeshwa juu ya makaburi, kingo za mawe za makaburi mawili zikavunjika. Mzee mmoja alilia mbele yangu. Hamna aliyedanganya. Karatasi za ramani za zamani za 1:50,000, zile za mfululizo wa Y742, zimechorwa kwa datamu (yaani msingi wa kuhesabia mahali duniani) ya Arc 1960, na GPS yako ikitoka dukani inasoma datamu nyingine, WGS84. Ukihamisha namba kavukavu pointi inaangukia kama mita 300 kusini na kidogo mashariki. Mita 300 kwenye makaburi ni kijiji kingine!

Kwa hiyo fanya hivi. Ingia seti za GPS, chagua UTM (gridi ya mita, dunia imegawanywa zoni zoni), datamu Arc 1960 (ya Kenya na Tanzania), Lindi na Mtwara zote ni zoni 37 kusini. Usitoe digrii, askari wanasoma gridi. Kama unatumia QGIS (programu ya ramani ya kompyuta), kwa zoni hiyo namba ya EPSG ya WGS84 ni 32737 na ya Arc 1960 ni 21037, ikikuuliza njia ya kubadilisha chagua yenye Tanzania. Halafu pima kabla hujampa mtu: simama kwenye njia panda inayoonekana kwenye ramani, soma GPS, linganisha na karatasi. Zikipishana mita mia tatu bado hujabadilisha. Na kila mstari wa namba uandike datamu pembeni, KILA mstari, maana karatasi itanakiliwa na mtu usiyemjua. Milimita moja ya ramani hiyo ni mita 50, kwa hiyo usitoe nukta, chora duara, mimi naweka mita 150 kila upande. Simu siiamini kwa kazi hii, nunueni au mkaazime GPS ya mkononi, na namba ziandikwe daftarini kwa peni.

5. Alama. Nguzo za mbao na kibao "USICHIMBE, USIPITISHE GARI", basi. Usiandike "makaburi ya kale" na usijenge bikoni ya saruji, watu wetu wakiona jiwe la ajabu wanasema mali ya Mjerumani imefukiwa hapo na usiku majembe yanakuja.

6. Uhamisho. Maafisa wanahama. Akija mpya, mwenyekiti apeleke tena ramani na barua siku za mwanzo, asingoje aitwe. Jeshi la Marekani 2007 lilichapisha karata zenye picha za malikale kwa askari waliokuwa Iraq na Afghanistan, kwangu hiyo ni njia bora kuliko semina, askari anaishika kila jioni. Na siku za matambiko ombeni ziingizwe kabla ratiba ya mazoezi haijatoka, ikishatoka hata kamanda mwenye roho nzuri hawezi kuibadili, na wazee watabaki na unga wao wa mtama nje ya kizuizi.