Kununua SUV ya ukubwa wa kati iliyotumika: anza na ukaguzi, bei ije baadaye

Kazi yangu ni kukagua magari kwa niaba ya wanaotaka kuyanunua. Wanaonitafuta zaidi ni wateja wa SUV za ukubwa wa kati: watu wenye familia, wanaotaka nafasi na gari la kupita barabara mbaya bila kubeba gharama za yale makubwa kabisa. Wengi hunipigia simu wakiwa wamechelewa. Bei wameshakubaliana, malipo ya awali wameshatoa, sasa wanataka nikawaambie kama gari liko sawa. Nikikuta kasoro wakati huo, mnunuzi hana tena pa kushika. Inaniuma kila mara, ndiyo maana naandika hatua hizi kwa mpangilio ninaoufuata mwenyewe. Utaona bei imekaa hatua ya tano.

Hatua ya 1: Jua unatafuta gari la aina gani

SUV za daraja hili zimegawanyika mara mbili. Kuna zilizokalishwa juu ya chesi (fremu ya chuma iliyo chini ya bodi), kama Toyota Land Cruiser Prado na Fortuner. Na kuna ambazo bodi na sakafu ni kitu kimoja, kama Toyota Highlander (masoko mengine huiita Kluger), Honda Pilot na Hyundai Santa Fe. Yenye chesi huvuta mzigo na kuvumilia mashimo miaka mingi, ila hunywa mafuta zaidi na huyumba kwenye kona. Yenye bodi moja hutulia barabarani na ni nyepesi kwa mfuko, lakini ukiipeleka kwenye mawe kila siku, bushi na bolijointi zitakudai.

Usidanganywe na jina. Ford Explorer iliachana na chesi kuanzia toleo la 2011, na Nissan Pathfinder ikafuata kwa toleo la 2013. Ukisifiwa Pathfinder na mtu aliyekuwa na ya 2008, gari analolisifia si lile unaloliona wewe la 2014.

Jiulize kwa ukweli: kwa mwezi natoka nje ya lami mara ngapi? Na safari zangu ni ndefu au ni za kwenda na kurudi hapa karibu? Swali hilo la pili linaamua habari ya dizeli. Dizeli za kisasa zina kichujio cha masizi kwenye ekzosi, na kichujio hicho hujisafisha kwa kuchoma masizi ekzosi ikishapata joto la kutosha. Mtu wa safari za dakika kumi haipi ekzosi nafasi ya kupata joto, kichujio kinaziba, kisha anailaumu gari. Kama ndivyo unavyoendesha, chukua ya petroli au ya mseto (haibridi, yenye injini pamoja na mota ya umeme).

Kama unahitaji safu ya tatu ya viti, kaa huko nyuma wewe mwenyewe, mlango ukiwa umefungwa. Sekunde thelathini zinatosha kujua.

Hatua ya 2: Weka akiba kabla ya kutoka nyumbani

Gari lililotumika huja na madeni ya matengenezo aliyoyaacha mmiliki aliyepita. Mimi huwaambia wateja watenge kati ya 10 na 15 katika kila 100 ya fedha walizonazo, wasiziguse wakati wa kununua. Hizo ni za miezi mitatu ya kwanza. Na uliza bei ya tairi za saizi ya gari unalolitaka: rimu za inchi 19 au 20 zinapendeza, lakini tairi zake kwa kawaida ni ghali kuliko za 17 na huumia upesi kwenye mashimo.

Hatua ya 3: Likute gari injini ikiwa imepoa

Hapa nataka tukae kidogo, maana makosa mengi makubwa huanzia hapa.

Injini ikipoa inasema ukweli. Ikishapata moto, oili imesambaa, vyuma vimetanuka vikakaana, na kelele nyingi zimejificha. Kwa hiyo mwambie muuzaji mapema: usiliwashe mpaka nifike. Ukifika, kabla hata ya salamu kuisha, weka kiganja juu ya boneti.

Nakumbuka gari moja jeupe, safi, limepigwa polishi mpaka unajiona. Boneti ilikuwa ya moto.

"Nimelisogeza tu, kaka, lilizibwa na gari jingine," muuzaji akaniambia.

"Hakuna neno, kaka. Nitasubiri lipoe."

Nilisubiri saa tatu. Tulipoliwasha, injini iligonga kwa sekunde nne au tano hivi, kama kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo, kisha ikatulia kabisa. Moshi wa bluu ukatoka nyuma, ukakata. Ile kelele ilikuwa cheni ya taimingi (inayopanga valvu zifunguke kwa wakati wake) iliyolegea, na ule moshi ni oili iliyochuruzika ndani ya silinda wakati injini imelala. Ningelikuta lina moto, ningeandika kwamba injini ni nzima.

Kabla ya kuwasha, fungua kifuniko cha oili uangalie kwa ndani. Utando mzito wa rangi ya krimu unaweza kuwa mvuke tu kwa gari la safari fupi, lakini ukiuona na kwenye kipimo cha oili, shuku gasketi ya silinda hedi. Kisha fungua maji ya rejeta (injini ikiwa imepoa tu, la sivyo yatakuunguza vibaya). Yawe na rangi yake safi. Yakiwa ya kutu, aliyekuwa nalo alikuwa anaongeza maji ya bomba.

Ukishawasha, simama nyuma. Moshi wa bluu ni oili inayoungua, mweusi ni mafuta yanayozidi. Mvuke mweupe wa asubuhi unaopotea baada ya dakika chache si tatizo, ila mweupe usiokoma wakati injini ina moto, huku maji yakipungua, ni ugonjwa wa gharama.

Sasa zunguka bodi. Tazama boliti zinazoshika fenda na boneti: rangi ikiwa imechubuka kwenye vichwa vyake, kuna spana ilipita hapo, uliza kwa nini. Pitisha kidole kwenye nafasi kati ya mlango na mlango, ilingane pande zote. Kila tairi lina tarakimu nne mwishoni mwa namba zinazoanza na DOT: 2319 maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kama tairi nne zina tarehe tofauti na chapa tofauti, zikumbuke, tutazirudia.

Mwisho, vuta mkanda wa kiti mpaka utepe wote utoke. Sehemu ya mwisho ya mkanda haioshwi na mtu. Ukiona mstari wa tope au harufu ya ukungu, gari lilizama majini. Hakikisha kwa kuchungulia reli za viti kama zina kutu. Gari la mafuriko usilinunue kwa bei yoyote. Nyaya na soketi zitaoza kidogo kidogo kwa miaka, na hakuna fundi atakayekumalizia kazi hiyo.

Hatua ya 4: Liendeshe, redio ikiwa imezimwa

Endesha nusu saa, polepole na kwa kasi. Giaboksi ya gea za kawaida ibadilishe bila kushtuka. Ya CVT (otomatiki inayotumia mkanda na puli badala ya gea) haina gea za kuhisi, kwa hiyo sikiliza: ukikanyaga mafuta, mzunguko wa injini ukapanda lakini gari halisogei kwa kadiri hiyo, au likitetema likianza kuondoka, achana nalo. CVT ikishaanza kuteleza, mara nyingi dawa yake ni giaboksi nyingine.

Kata usukani mpaka mwisho, uende taratibu kwa duara kulia na kushoto. Mlio wa tak-tak-tak ni jointi za ekseli za mbele. Kama gari lina mfumo wa kuvuta magurudumu manne unaowashwa kwa mkono, uwashe ukiwa kwenye udongo au kokoto. Mifumo mingi ya namna hiyo haina difu ya katikati (gea zinazoruhusu magurudumu ya mbele na ya nyuma kuzunguka kwa kasi tofauti), na kwenye lami kavu mbele na nyuma vitapigana ukikata kona. Nimeona wanunuzi wakiharibu kitu kizima kwa kukijaribu mahali pasipofaa.

Usiache kusoma kompyuta ya gari. Magari yote madogo yanayouzwa Marekani tangu 1996 yana soketi ya aina moja ya kuchomeka kifaa cha kuisoma, na kwa magari ya miaka ya karibuni karibu kila mahali utaikuta, chini ya dashibodi upande wa dereva. Wengi husoma makosa yaliyopo, wakaona hakuna, wakafurahi. Mimi hutazama kwanza umbali uliotembewa tangu makosa yafutwe. Ukisoma kilomita 6, ujue kuna mtu alifuta taa ya hitilafu jana. Rudi baada ya siku chache za matumizi, au ondoka.

Hatua ya 5: Sasa zungumza bei

Bei inashuka kwa ushahidi. Maneno ya "nipunguzie bwana" yatakushushia kidogo, kwa sababu muuzaji alishayaongeza kwenye bei akikusubiri uyaseme.

Chukua karatasi. Upande mmoja andika kila kasoro uliyoiona, upande wa pili gharama ya kuitengeneza kama ulivyoiuliza kwa muuza spea na fundi, si kwa kukisia. Tuseme gari linauzwa 100 kwa fedha yoyote ile, na magari ya mwaka huo na hali hiyo yanauzwa kati ya 90 na 98. Tairi nne zimechoka: 5. Shokabsoba za nyuma zinavuja: 2. Diski na pedi za breki za mbele: 2. Anza kwenye wastani wa soko, 94, toa 9, unabaki na 85. Hiyo ndiyo ofa yako, na karatasi unamwonyesha.

"Kaka, kwa 85 mimi nitakuwa nimekupa bure."

"Sikukatalii, kaka. Niambie ni kipi hapa hakina ukweli, nakifuta sasa hivi."

Hapo nyamaza. Ukimya huo ni mgumu, watu wengi huuvunja kwa kujiongezea wenyewe bei. Akikuonyesha risiti ya shokabsoba mpya, futa ile 2, umemtendea haki. Akikataa yote, tayari una kikomo chako ulichokiandika nyumbani, tuseme 89. Bei ikikipita, mshukuru, mwachie namba yako ya simu, uende. Usiache malipo ya awali ili "kulishikilia". Nimepigiwa simu na wauzaji wiki mbili baadaye mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Na usizungumzie malipo ya kila mwezi kabla ya kufunga bei nzima. Anayekuuzia kwa mkopo anaweza kukupunguzia kila mwezi kwa kurefusha miaka, nawe ukalipa zaidi huku umefurahi.

Hatua ya 6: Karatasi

Namba ya chesi iliyogongwa kwenye chuma ilingane na iliyo kwenye hati, herufi kwa herufi. Ingiza namba hiyo kwenye ukurasa wa mtengenezaji uone kama gari liliitwa kurudishwa kwa marekebisho. Mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata peke yake iliyoitwa kurudishwa ilifikia takriban milioni 67 kwa Marekani tu, katika magari ya watengenezaji wengi, kwa sababu kitoa hewa chake kikizeeka kwenye joto na unyevu kinaweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma. Marekebisho ya namna hii kwa kawaida hulipwa na mtengenezaji. Tafadhali usilipuuze hili, mfuko ule uko mbele ya kifua chako.

Hatua ya 7: Miezi mitatu ya kwanza

Ile akiba sasa ina kazi. Badilisha oili ya injini na filta, maji ya rejeta, mafuta ya breki (hunyonya unyevu, yabadilishwe kila baada ya miaka miwili), oili ya difu na ya giaboksi. Utaambiwa giaboksi imejazwa oili ya maisha yote. Maisha hayo ni ya nani, hawasemi. Mimi CVT huibadilisha oili kila kilomita 60,000, na kwa aina ileile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Oili "inayofaa giaboksi zote" usiiruhusu humo. Kama injini inatumia mkanda wa taimingi na hakuna risiti ya kuonyesha ulibadilishwa lini, ubadilishe sasa. Nyingi huandikiwa karibu kilomita 100,000, na ukikatika, kwenye injini nyingi pistoni hukutana na valvu.

Gari la mseto lina tundu la hewa ya kupoza betri kubwa, mara nyingi karibu na kiti cha nyuma. Lisafishe vumbi na nywele za mbwa, usiweke begi mbele yake.

Na zile tairi. Kwenye gari linalovuta magurudumu manne muda wote, tairi moja jipya kati ya matatu yaliyokwisha lina mzingo mkubwa kuliko wenzake, hivyo kiungo cha katikati, kinachounganisha mbele na nyuma, kinafanya kazi kila sekunde kana kwamba gari linakata kona. Kuna mama mmoja alibadilisha tairi moja tu baada ya pancha, akaendesha hivyo miezi minane. Aliniletea gari likikwama-kwama kwenye maegesho kila anapokata usukani. Kiungo cha katikati kilikuwa kimeungua, na bei yake ilizidi seti nzima ya tairi. Badilisha yote manne, au tafuta lililotumika lenye kina cha meno kinachokaribiana na mengine, na uyazungushe nafasi kila kilomita 10,000.

Kila baada ya kujaza mafuta mara mbili, vuta kipimo cha oili gari likiwa sehemu tambarare, uandike kiwango na kilomita kwenye daftari linalokaa ndani ya gari. Injini yenye afya ikianza kula oili, daftari litakuonyesha muda mrefu kabla taa ya dashibodi haijawaka.