SOMO: Kuimba "Rewrite" bila kuachana na bendi

Swali ni lilelile kila mara: "Maneno nimekariri yote, mbona kwenye kiitikio nafika mwisho kabla ya wimbo?" Jibu lote liko hapa. Ukiulizwa tena, mwelekeze mtu huku.

Wimbo ni "Rewrite" wa Asian Kung-Fu Generation, bendi ya Yokohama, Japani, anaimba Masafumi Gotoh. Ulitoka 2004, ukawa wa nne kufungulia Fullmetal Alchemist ya 2003, katuni ya TV ya Kijapani.

1. Chagua rekodi moja. Albamu yenye wimbo huu, Sol-fa, ni ya 2004, na bendi iliirekodi upya 2016. Usijifunzie moja ukaimbie nyingine.

2. Anza na toleo fupi la TV, kama dakika moja na nusu, kwa kasi ya 0.75.

3. Irabu za Kijapani ni tano kama zetu. R iguse ulimi mara moja tu, usiitetemeshe.

4. Hesabu mapigo, yaani vipande vya sauti vyenye muda sawa, si silabi. Hapa ndipo nilipoharibu muda mrefu, na ndipo wengi mnapoharibu. Chukua neno "kanjou", yaani hisia. Mswahili akiliona anasoma ka-njo-u, kwa "nj" ya njia na "u" mwishoni. Yote mawili ni makosa. Mapigo ni manne: ka-n-jo-o. N inasimama peke yake, na "ou" ni o ndefu. Kisha "kitte", kukata: mapigo matatu, ki, kimya, te. Ulimi unabana kwenye t, sauti inakatika pigo zima, ndipo unaachia. Usiipige t kwa nguvu zaidi. Kinachotakiwa ni muda. Ukiruka kimya hicho umesema "kite", ambalo ni neno lingine, na umeshatangulia ngoma kwa pigo moja. Na jina la wimbo lenyewe liimbe ri-ra-i-to, mapigo manne. Wajapani wamelifanyia neno la Kiingereza kile tunachofanya sisi tukisema "baiskeli". Ukilitamka Kiingereza, yamebaki mapigo mawili na kiitikio kimekufia mdomoni.

5. Acha mkazo wetu wa silabi ya pili kutoka mwisho. Ukisema ri-ra-I-to kwa kuivuta "i", pigo la mwisho linachelewa.

6. Kasi kamili ukishapita mara tatu bila kosa.

MASWALI

— Mkuu, kwa hiyo naimba "riwrait"?
Hapana. Hatua ya 4, soma tena.

— Somo refu. Weka maneno yote kwa herufi zetu tukariri tu.
Kukariri kwa herufi zetu ndiko kulikozaa "ka-njo-u". Siweki.

— Umekosea. Kwenye "keshite", yaani futa, husikii "i" kabisa, mimi nimesikiliza vizuri.
Sijakosea, na wewe umesikia sawa. I ikikaa kati ya sh na t, Mjapani huinong'ona tu. Lakini pigo lake linabaki: ke-shi-te, matatu. Punguza sauti ya "i", usipunguze muda wake.

— Samahani ndugu, hiyo n inayosimama peke yake ni kama m ya "mtu"?
Ndiyo hasa, dada, na umeona jambo ambalo wazungu wengi huhangaika nalo. M ya "mtu" na n ya "nchi" ni silabi kamili bila irabu. N ya "kanjou" ipe muda huohuo. Nyongeza: ikitangulia p, b au m, midomo hufunga yenyewe. "Shinbun", gazeti, husikika shi-m-bu-n, manne. Jaribu kupiga kofi kwa kila pigo. Mkono hugundua kosa kabla ya sikio.

— Mimi kofi napatia, ila kwenye maikrofoni "kitte" yangu inasikika "kite".
Mwangwi wa mashine ya sauti umewekwa juu. Unajaza kile kimya. Upunguze karibu na sifuri, urudie kipande hicho.

— Nimepunguza. Imekubali!
Safi. Sasa rudi kwenye "kanjou", sikiliza kama o ya mwisho inafika pigo zima.