Maabara au kompyuta: amua kabla ya kulipa karo

Matokeo ya KCSE, mtihani wa kidato cha nne, yakishatoka, ushauri Nairobi huwa wa bure. Mjomba atakwambia pesa ziko kwenye kompyuta. Jirani atakwambia uende maabara ya tiba, maana watu hawataacha kuugua. Wote wanasema kweli, na bado hujajua ujaze nini kwenye fomu. Jiulize mambo mawili tu: ukishaingia huku, utaweza kuhamia kule? Na ni kosa la namna gani unaweza kuishi nalo kazini?

Kazi ya maabara ya tiba ina leseni. Bodi ya KMLTTB, inayosimamia wataalamu wa maabara za tiba Kenya, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1999, na bila kusajiliwa nayo huruhusiwi kupima mgonjwa, hata cheti chako king'ae vipi. Kwa hiyo kabla ya kuuliza karo, hakikisha chuo na kozi yenyewe vimeidhinishwa na bodi. Bango la barabarani si ushahidi, wala neno la karani wa usajili. Iulize bodi yenyewe. Kuna kozi za bioteknolojia na sayansi nyingine zinazofundisha hadubini na kemia ileile, lakini hazikufikishi kwenye leseni ya maabara ya tiba. Anayeligundua hilo mwaka wa tatu amekwisha kulipa.

Diploma ya KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, huchukua miaka mitatu na wastani wa kuingilia ni C. Digrii ni miaka minne na wastani ni C+. Juu ya wastani kuna alama za masomo, na Biolojia na Kemia hazikwepeki. Zikiwa chini, usipoteze mwaka ukitafuta njia ya mkato.

Mwandishi wa programu hahitaji leseni ya bodi yoyote. Hilo linavutia, lakini lina upande wa pili: hakuna anayekudhamini. Mwajiri ataomba kuona ulichotengeneza, na kama huna cha kuonyesha, digrii ya miaka minne haitakusemea sana. Ndiyo maana mtu wa maabara anaweza kujifunza programu jioni akiwa na miaka thelathini, ilhali mtu wa programu akitaka maabara lazima arudi darasani na cheti chake cha kidato cha nne mkononi. Mizani ikisimama sawasawa kabisa na alama zikikuruhusu, sisi tungeanzia maabara.

Lakini mizani mara nyingi haisimami sawa, na wiki mbili zinatosha kuona inakolalia.

Kwa upande wa programu, jifunze msingi wa Python, lugha ya kuandikia programu, kisha ujipe kazi moja: nakili ujumbe wa M-Pesa wa mwezi mzima kwenye faili, uandike programu ya kujumlisha matumizi. Itakwama mapema. Kiasi cha 1,500.00 kina koma, na Python haikubali kukigeuza kuwa namba mpaka uiondoe koma hiyo. Ukishaiondoa, jumla itakuja kubwa ajabu, kwa sababu ujumbe mmoja hubeba kiasi kilichotumwa, salio jipya na gharama ya muamala, nawe umevijumlisha vyote. Sasa jitazame. Ukiona saa nne za usiku zimefika na bado unatafuta kosa bila kuitwa, hiyo ni dalili nzuri. Ukiwa umefunga mashine siku ya pili, hiyo nayo ni dalili.

Maabara haifunguliwi kwa mgeni kirahisi, ila unaweza kujipima kwa kisa kinachotokea kila mara. Damu ya kupima chembe huwekwa kwenye chupa ya kofia ya zambarau, yenye EDTA, kemikali ya kuzuia damu kuganda. Ya kupima kemia ikipungua, mtu aliye na haraka humimina kiasi kutoka ile ya zambarau. EDTA hiyo kwa kawaida ni chumvi ya potasiamu, tena hushika kalisi. Basi majibu yataonyesha potasiamu ya kutisha na kalisi ya chini mno kwa mgonjwa asiye na tatizo hilo. Kazi yako ni kushuku, kukataa sampuli na kuomba nyingine, huku daktari akikwambia kwenye simu, "Wewe pima tu." Utaweza kusema hapana, kwa adabu, kila wiki? Programu iliyoharibika unaweza kuiendesha tena. Mgonjwa wa Githurai ameshapanda matatu na majibu hayo.

Pima macho pia. Rangi ya Gram, inayopakwa kwenye sampuli kabla ya kuitazama kwa hadubini, hutenganisha bakteria wa zambarau na wa waridi, na asiyetofautisha rangi vizuri ataumia. Jipime kwa kadi za Ishihara, zile za kupima uonaji wa rangi, kabla, si baada ya kulipa. Uliza vilevile kuhusu chanjo ya homa ya ini aina ya B: ni dozi tatu, kwa kawaida mwezi wa 0, wa 1 na wa 6, kwa hiyo huanzwa mapema kabla ya kushika damu ya watu.

Kwenye hesabu ya pesa, wengi husahau miezi ya mafunzo hospitalini, yenye nauli na isiyo na mshahara, na ile ya kusubiri usajili. Kwenye teknolojia kikubwa ni laptopu: RAM ya GB 8 na SSD ya GB 256 zinatosha kuanza. Ukinunua iliyotumika Luthuli Avenue, iwashe na kuizima mbele ya muuzaji, uone kama BIOS, programu inayoiamsha mashine, imefungwa kwa nywila ya kampuni ya zamani. Kisha, kwenye Command Prompt ya Windows, andika powercfg /batteryreport upate ripoti ya betri. Betri inayoshika chini ya nusu ya uwezo wake wa awali, punguziwa bei au iache.

Kama roho inavutwa kote kuwili, kuna kazi za katikati. KenyaEMR, mfumo wa rekodi za wagonjwa, umejengwa juu ya OpenMRS, programu huria ya rekodi za tiba, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma. Mifumo ya namna hiyo inahitaji mtu anayejua kwamba sukari ya damu ya 100 kwa mg/dL ni kama 5.6 kwa mmol/L, na ambaye hatakubali kisanduku cha majibu kihifadhi namba isiyo na kipimo chake.