Kuomba Viza ya Kwenda Kufundisha Wachungaji Nje ya Nchi: Barua Ndiyo Mtihani

Ombi langu la kwanza la viza ya kwenda kuendesha semina ya wachungaji na wamisionari lilikataliwa kwa sababu ya neno moja, tena neno ambalo waumini hulitamka kila Jumapili bila kufikiri. Barua ya utambulisho kutoka kanisani kwetu ilieleza kwamba ninatumwa "kufanya kazi ya Bwana" kwa siku 12. Mtafsiri aliyeapishwa, ambaye analipwa kutafsiri na wala si kufafanua maandiko, aliandika kazi kuwa kazi, na afisa wa viza akaelewa kwamba mtu anayeomba viza ya matembezi anakwenda kuajiriwa bila kibali. Ada ya ombi hairudishwi, tiketi niliyonunua mapema ilikuwa ya aina isiyorudishwa pia, na wachungaji waliokuwa wameomba ruhusa makazini mwao wakaambiwa wasubiri.

Kwa hiyo, kabla ya kugusa fomu, uliza kwanza sheria ya nchi unayokwenda inaiitaje shughuli yako. Sisi huita yote huduma, lakini uhamiaji hutenganisha kuhubiri kwa mwaliko, kufundisha watumishi, kushika usharika kwa mshahara na kushawishi watu wabadili dini. Marekani humpokea kwa viza ya B-1, yaani ya ziara fupi ya shughuli, mhubiri anayefanya ziara ya muda mfupi bila kulipwa mshahara kutoka huko, isipokuwa sadaka zinazotolewa mikutanoni. Anayekwenda kuajiriwa na kanisa la huko huhitaji R-1, viza ya watumishi wa dini, ambayo hudai awe amekuwa mshiriki wa dhehebu hilo kwa angalau miaka 2. Uingereza humruhusu mgeni wa kawaida kuhubiri na kutoa huduma ya kichungaji, mradi kituo chake cha utumishi kibaki nje ya nchi hiyo. India ina viza yake maalumu ya wamisionari, na mwenye viza ya utalii anaweza kuhudhuria ibada ila si kupanda mimbarini. Nchini Nepal, katiba ya 2015 inakataza kumbadilisha mtu dini, na kanuni ya adhabu iliyoanza kutumika Agosti 2018 inaagiza mgeni anayepatikana na hatia hiyo afukuzwe nchini baada ya kutumikia kifungo. Urusi, tangu sheria ya Julai 2016, humtaka anayefanya umisionari kwa niaba ya kanisa awe na hati ya kuidhinishwa na kanisa hilo. Nimezitaja nchi hizi ili uone jinsi zinavyotofautiana, maana ushauri wa ndugu aliyesafiri mwaka jana kwenda kwingine hautakusaidia, hata akiutoa kwa upako.

Baada ya kujua aina ya viza, shughulikia barua, na hapa usiwe na haraka. Utahitaji barua mbili: ya mwaliko kutoka kwa wenyeji na ya utambulisho kutoka kwa kanisa au chuo kinachokutuma. Ya mwaliko iandikwe kwenye karatasi yenye nembo ya shirika la wenyeji, namba ya usajili, anwani inayofikika, na sahihi ya mtu ambaye simu yake itapokelewa ubalozi ukipiga. Iseme utafundisha nini, nani watahudhuria, mahali, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na ni nani atakayelipia nauli, malazi na chakula. Kama hulipwi, barua iseme wazi kwamba hutapokea mshahara. Ya utambulisho ieleze cheo chako, muda ambao umetumikia, na majukumu yanayokusubiri ukirudi, kwa sababu swali kubwa la afisa yeyote wa viza ni kama utarudi.

Ziweke barua hizo mbili mezani pamoja na uzisome kama mtu asiyewahi kuingia kanisani. Ondoa "kazi ya Bwana", "kuvuna", "kuteka mji" na "kuvamia ngome". Lugha hiyo inaeleweka vema kwenye mkesha wa maombi, lakini ikifika ubalozini inaweza kusomwa kama ajira au kama vita. Andika "kuendesha semina kwa wachungaji wa kanisa letu", kisha taja mada. Ninasisitiza kwamba huku si kuficha: kuandika "utalii" wakati mabegi yamejaa vitabu vya mafunzo ni uongo, na uongo huo ukigundulika unaweza kukufungia mlango kwa miaka mingi pamoja na kuwaponza wenyeji, ambao hawana pa kukimbilia. Andika ukweli kwa maneno ambayo sheria inayatambua.

Angalia pia majina. Kanisani ninajulikana kwa jina la ubatizo na la ukoo, pasipoti yangu ina majina matatu, na cheti cha kuwekwa wakfu kina mpangilio mwingine kabisa. Wenyeji walitumia lile la kanisani, wakalitanguliza kwa "Mtumishi wa Mungu", na karani wa kituo cha kupokea maombi akaniuliza, bila kutabasamu, kama Mtumishi ndilo jina langu la kwanza. Waambie wenyeji wanakili majina kutoka kwenye pasipoti herufi kwa herufi, na waweke namba yake.

Suala la fedha ndilo la pili kwa kuangusha watumishi. Kanisa hukusanya mchango wa safari, mhazini kwa nia njema anauingiza wote kwenye akaunti yako wiki moja kabla ya kuomba, na taarifa ya benki inaonyesha mtu ambaye kwa miezi mitano alikuwa na salio dogo kisha ghafla amefunguka. Afisa huona fedha za kuazima. Mchango ubaki kwenye akaunti ya kanisa, na wewe uwasilishe barua ya udhamini iliyosainiwa na mhazini, taarifa ya benki ya kanisa, na ya kwako kama ilivyo. Salio dogo linaloelezeka ni afadhali kuliko kubwa lisiloelezeka.

Fomu yenyewe, picha na alama za vidole hazina mengi ya kusema. Wengi wenu mmeshazijaza. Hakikisha tu kwamba tarehe za kwenye fomu, barua zote mbili, bima na nafasi ya ndege uliyoshikilia zinafanana, na pasipoti ina angalau miezi 6 mbele, kiwango ambacho nchi nyingi hukidai. Kwa nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zinazotumia viza moja ya pamoja, bima ya safari iwe ya euro 30,000 au zaidi, na ombi lipelekwe si mapema kuliko miezi 6 na si chini ya siku 15 kabla ya safari. Vyeti vikitakiwa kuthibitishwa, uliza kama nchi zote mbili zimo katika Mkataba wa Hague wa 1961 unaohusu apostili, muhuri wa kuthibitisha hati zitumike nje ya nchi. Kama zimo, muhuri mmoja unatosha, na kama hazimo, jiandae kutembea ofisi kwa ofisi. Kupata miadi ni hadithi nyingine: mfumo uliniambia kwa siku tisa mfululizo kwamba hakuna nafasi, hadi mlinzi wa getini aliponidokeza kwamba nafasi mpya hufunguliwa alfajiri. Mlinzi huyo alijua mengi kuliko tovuti nzima.

Kwenye mahojiano, jibu kwa ufupi na usihubiri. Niliulizwa, "Unakwenda kufanya nini?" Mara ya kwanza nilianza na wito wangu na jinsi Mungu alivyofungua mlango, mara ya pili nilisema, "Kufundisha wachungaji 30 kwa siku 12, kwa mwaliko wa kanisa hili." Afisa hakuuliza zaidi. Kama umewahi kukataliwa, litaje katika ombi jipya hata ukiona aibu, kwa kuwa mfumo haujasahau. Mimi niliambatanisha maelezo ya ukurasa mmoja yanayotaja sababu iliyotolewa, kilichosababisha mkanganyiko, na barua mpya iliyoandikwa upya.

Viza ikitoka, chanja mapema kama nchi inadai cheti cha homa ya manjano, kwa sababu cheti huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano. Cha zamani kisichanwe, kwani tangu Julai 2016 cheti hicho kinatambuliwa maisha yote. Vitabu vya kufundishia usivibebe kwa makumi. Forodha huona bidhaa za biashara pale wewe unapoona baraka, kwa hiyo tuma faili na wenyeji wachapishe huko.

Jambo la mwisho hutokea ukiwa tayari umefika, wakati moyo umelegea. Wenyeji watakuomba uongeze wiki moja kwa wachungaji wa wilaya ya jirani, au watapachika mkutano wa injili wa hadhara jioni bila kukuuliza. Mkutano wa hadhara usiokuwemo kwenye barua ukatae kwa upole, hasa katika nchi zinazochunga masuala ya kubadili dini. Kuhusu wiki ya nyongeza, fungua pasipoti usome muhuri uliogongwa mpakani, usisome viza: viza inaweza kuonyesha miezi 3 ya kuwa halali wakati afisa wa mpakani amekupa siku 14 tu, na siku zinazohesabiwa ni hizo 14.